Chekeche Nililoliziba Mwenyewe

Kakuma,
mwisho wa mwaka 2013

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Dada Wakesho aliniambia umesharudi kibandani kugonga mabati ingawa daktari alikukataza, na wala sikushangaa. Mama naye, kifua kimetulia? Mimi nipo, mzima wa mwili, ila nimechoka, Baba. Nimechoka uchovu ambao hata nikilala hauondoki. Haya ninayokueleza yalinishinda kwenye simu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unakumbuka ofisi ya Lodwar ilinituma huku Kakuma kuchunguza matope. Pana silanga hapa, bwawa la kuchimbwa linalokusanya maji ya mvua, na juu yake kidogo zimeota gereji zinazopasua betri kuukuu. Watu waliogopa kwamba madini ya sumu yanateremka na mvua na kutulia chini ya maji. Kazi yangu ni kuchota matope ya chini, kuyachuja kwa chekeche laini, kuyakausha na kuyapeleka maabara Nairobi. Nilifanya hivyo mwezi mzima, jua likinichoma kisogo, matope yakinifika magotini. Majibu yakarudi: madini ya risasi, tena mengi kupita kiasi. Wakubwa hawakungoja. Silanga likazungushiwa miiba, kibao kikasimamishwa, na kina mama wakaambiwa wakachimbe maji kwenye mchanga wa mto Tarach. Kwenda na kurudi, asubuhi yote inaisha.

Nami nilijisifu, Baba. Nilijiona nimeokoa watu.

Kisha nikapelekwa Kataboi, kando ya ziwa, kuchukua matope ya kulinganisha. Kule hakuna gereji, kuna wavuvi na mbuzi tu. Majibu yakaja na risasi ileile. Nilikaa na ile karatasi nikiitazama kama mjinga. Halafu nikaenda kulichukua chekeche langu.

Waya wake ulikuwa umeachana na ukingo tangu wiki ya kwanza. Kuagiza jingine ni kungoja na kungoja, na mimi ni mtoto wa fundi bati. Niliazima chuma cha fundi wa redio hapa sokoni, nikaliziba kwa lehemu, kazi safi, hata wewe ungenisifu. Na lehemu, wajua kuliko mimi, ina risasi ndani yake. Kila nilipochuja, mchanga uliisugua ikaingia kwenye matope. Ile sumu niliitia mimi mwenyewe.

Usijilaumu hata kidogo. Ulinifundisha kuziba ndoo, hukunifundisha kuchunguza matope.

Nilichota na kuchuja upya kwa vyombo vya plastiki, nikangoja majibu roho ikiwa juu. Silanga ni salama. Nikasafiri hadi Lodwar kumwambia mkuu wangu ana kwa ana. Alivua miwani. "Mwakio, mimi ripoti nitaandika upya," akasema. "Lakini hao watu wa Kakuma, uwaambie wewe mwenyewe." Nilitamani anifukuze tu, ingekuwa rahisi.

Nikarudi. Jirani yangu Nakiru, mama wa watoto wanne ambaye zamani aliniletea maziwa, alikuwa anatoka mtoni na mtungi kichwani. "Ejok," nikamwamkia, nikamweleza yote mbele ya wenzake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo maji ilikuwa mzuri siku yote?"

"Ndiyo."

"Na mimi natembea mpaka mto miezi yote hii."

"Ndiyo, mama. Kosa ni langu."

"Ile siku ulisema sumu. Leo unasema hakuna. Kesho utasema nini?"

Niliondoa miiba kwa mikono yangu, wao wakinitazama, na hakuna aliyeteka hata kikombe. Aibu ile simtakii mtu. Tangu siku hiyo kila asubuhi nasimama pale wanapopita, nachota maji, nakunywa wakiniona. Juzi tumbo lilinisokota, nikatabasamu hivyohivyo, maana ningelishika tu kazi yote ingeharibika. Jana Nakiru alisimama, akanikagua toka juu mpaka chini kama anayechagua mbuzi sokoni.

"Bado uko," akasema, akaendelea na safari yake ya mtoni.

Nisalimie dada Wakesho na watoto wake, na mjomba anayenitunzia kale kashamba kangu, na shangazi yetu wa kwaya, mwambie sauti yake naikosa huku. Kwa Mama, Baba, naomba unisemee wewe, maana mimi siwezi. Asininunulie kuku wa Krismasi. Niliahidi kuja, na najua atalia. Lakini nikipanda basi sasa, hapa watasema yule mtu wa silanga amekwenda kufia kwao.

Mwanao anayekupenda,
Mwakio