Barakoa Yenye Kidude Niliyompa Bi Somoe

Shangani, Mtwara

Dada yangu Jovina,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Naamini barua hii inakukuta una nguvu zako, cherehani yako inazunguka, na mama anaweza kuinuka mwenyewe kitini sasa. Goti lake la kushoto bado linatabiri mvua kuliko redio? Na huko Bukoba migomba imesimama baada ya upepo ule ulionieleza? Mimi ni mzima wa mwili. Mwanao Asimwe anacheka na anakula, jana kamaliza sahani nzima ya ming'oko, vile viazi vya porini vya huku, peke yake. Nimeanza na hilo makusudi, ili ukisoma yanayofuata ujue kwamba leo, wakati naandika, mtoto anacheka.

Nimekupigia simu mara tatu wiki hii, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza bei ya ndizi. Ulicheka ukaniuliza kama nataka kufungua genge. Dada, sikuwa na haja na ndizi. Nilishindwa kusema. Asimwe ana kifua kikuu. Ameanza dawa Jumatatu, na daktari anasema akizimeza vizuri atapona. Aliyemsababishia ni mimi.

Kaa chini kwanza, kisha usome polepole.

Unamjua Bi Somoe, mwenye nyumba wetu, yule anayekuita kwenye simu "mama wa Bukoba". Ni mjane, Mmakonde wa Nanyamba, na mikorosho yake iko hukohuko. Kila mwaka ukifika wakati wa kupulizia salfa, ule unga wa njano unaozuia ukungu usile maua ya mikorosho, anakwenda shambani wiki kadhaa, na akirudi anakohoa. Kikohozi cha majira hayo hapa hakimshtui mtu, maana nusu ya mtaa inakohoa. Watu wanasema "salfa hiyo," wanakunywa tangawizi, wanaendelea na shughuli zao. Nami kwa miaka saba niliyokaa huku nimekuwa mwenyeji, nikawa nasema hivyohivyo.

Mwaka huu alirudi akakohoa, wala hakuacha. Salfa ikaisha, korosho zikaanza kuanguka, malori yakaanza kupanga foleni kuelekea bandarini, Bi Somoe bado anakohoa. Nikimwambia aende hospitali ananijibu, "Hii salfa tu, mwanangu. Mie nakohoa kila mwaka, itatoka yenyewe." Akakonda mpaka kanga ikawa inamzunguka mara mbili. Nikasema ni uzee na kazi za shamba.

Basi nikajifanya daktari. Unanijua. Wewe mwenyewe husema Adventina akishasoma maandishi ya kwenye boksi tayari ni profesa. Pale ghalani tunapopima korosho kuna vumbi la magunia la kukausha koo, na msimu huu tajiri alituletea makarani barakoa za maana. Ni nyeupe, ngumu, zinabana pua, na mbele zina kidude cha plastiki cha mviringo, kama kifuniko cha soda. Kidude hicho kinafanya upumue bila kupata joto. Wabeba magunia walipewa zile nyepesi za bluu za hospitali. Kwa hiyo kichwani mwangu nilikuwa nimezipanga barakoa kwa vyeo. Chini kabisa ni zile za vitenge ulizonishonea wakati wa Korona, juu yake za bluu, na kileleni yangu mimi yenye kidude.

Nikamletea Bi Somoe moja mpya. "Hii ndiyo kiboko," nikamwambia. "Vaa ukiwa na mtoto, hakipiti kitu." Akaniombea dua ndefu. Akawa anaivaa kwa uaminifu, kuliko hata sisi tuliolazimishwa kazini.

Sasa sikia kosa lenyewe. Kabla ya barakoa ile Bi Somoe alikuwa na adabu yake ya kikohozi. Alikaa barazani kwenye upepo, mdomo ameuziba na kanga, na Asimwe akimsogelea anamwambia, "Kaa kule, mjukuu wangu, nina kifua." Mtoto alikaa kule. Hiyo ilikuwa akili na mimi sikuiona. Ni mimi niliyewaambia waingie ndani, maana kinga sasa ipo. Asimwe alikuwa anajifunza kusuka ukili wa mkeka, na Bi Somoe ndiye mwalimu wake. Kila akitoka shule wanakaa chumbani kwa bibi, dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi la barabarani, miyaa ya kusukia imetandazwa sakafuni na vichwa vyao vimegusana. Kikohozi kikija, Bi Somoe anakohoa ndani ya barakoa, huku amemshika mtoto vidole asipoteze mstari. Mimi nikipita mlangoni nawaona, nafurahi. Wiki nyingi zilipita hivyo, dada, nami nafurahi.

Siku Bi Somoe alipotema mate yenye damu kwenye beseni la kunawia, sikumsikiliza tena. Niliomba ruhusa kazini nikampeleka hospitali, yeye na kidude chake, mimi na barakoa ya bluu niliyopewa mlangoni. Wakachukua makohozi. Majibu yalipotoka, muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu, kijana mwembamba mwenye sauti ya taratibu, akatutoa nje tukakae kwenye benchi penye hewa. Akatuambia ni kifua kikuu, kinatibika, dawa ni bure. Kisha akaitazama barakoa ya Bi Somoe.

"Bibi, barakoa hii nani kakupa?"

"Mwanangu huyu," Bi Somoe akajibu, akinishika bega. "Kaniletea toka kazini kwake. Ya gharama hiyo, si mchezo."

Nami nikakaa wima kabisa, nikisubiri sifa.

Muuguzi akamwomba ruhusa, akachomoa uzi mmoja uliolegea kwenye pindo la kanga yake. Akaushika mbele ya kile kidude. "Vuta pumzi, bibi." Uzi ukatulia. "Haya, toa." Uzi ukaruka mpaka mkononi mwake. Akarudia mara tatu, na mara zote tatu uzi uliruka. Nilikuwa nautazama bila kupepesa.

"Hiki ni kimlango," akasema. "Ukivuta kinajifunga, hewa inapita kwenye kitambaa na kuchujwa. Ukitoa kinafunguka, pumzi yako inatoka ilivyo. Kimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayekimbia vumbi. Barakoa hii inamkinga aliyevaa. Aliyekaa mbele yake haimkingi."

Nikamwuliza sasa mgonjwa avae ipi. Akasema mgonjwa anavalishwa ya bluu, ili anapokohoa matone yabaki humo. Yeye anayewahudumia anavaa ngumu kama yangu lakini isiyo na kidude, iliyobana mashavu pande zote. Akagusa ya kwangu ya bluu pembeni, kidole kikapita bila kuzuiwa. "Unaona? Hewa inaingia hapa. Hii ukiivaa wewe, kwa kifua kikuu haitoshi." Na zote hizo, akasema, hazifai kitu kama mmejifungia chumbani bila hewa na mgonjwa hajaanza dawa.

"Na za vitenge?" nikauliza.

"Hizo kukukinga wewe ni kidogo sana. Lakini mgonjwa akikohoa, hata kitambaa kingezuia mate kuliko kimlango kilicho wazi."

Dada, zile zako kumi na mbili ziko kwenye sanduku langu, chini ya mashuka, hazijavaliwa hata siku moja. Unakumbuka niliziita nepi. Naona aibu hata kuandika neno hilo.

Halafu akauliza swali ambalo ni la kawaida kwake, analiuliza kila mtu. "Nyumbani, nani anakaa naye karibu?"

Bi Somoe alinitazama. Mimi nikamtazama yeye. Sijapata kushtuka namna ile tangu nizaliwe. Baba alipofariki nililia mara moja, unakumbuka, mpaka mkanimwagia maji. Pale benchini machozi hayakuja. Ni Bi Somoe aliyejibu, polepole sana. "Mtoto."

Kesho yake Asimwe akapimwa, akapigwa picha ya kifua. Ndipo mambo yakaanza kunirudia moja moja. Mto wake uliokuwa unalowa kila asubuhi, nikasema ni joto. Homa za jioni, nikasema kachoka na jua. Sketi ya shule niliyoipunguza kiuno mara mbili, nikamlaumu fundi. Daktari alipotuonyesha kivuli kwenye picha nilitamani kiwe kifuani kwangu. Mimi nimepimwa, sina kitu. Nashinda ghalani, nalindwa na kidude changu.

Bi Somoe alipoambiwa majibu ya mtoto alikaa chini palepale ukumbini. "Nimemla mtoto wa watu," akasema. Dada, hilo si neno la kutamka hovyo, na majirani walikuwepo. Nilimshika mdomo. Akataka kufunga mizigo aende Nanyamba akaishi shambani peke yake, muuguzi akamkatalia, maana dawa hatazipata huko kila siku wala hatakuwa na wa kumwangalia. Sasa amekubali. Anameza dawa, amevaa ya bluu, amerudi barazani kwenye upepo, na madirisha ya nyumba nzima yako wazi, vumbi liingie litakavyo. Asimwe anamsalimia kutoka uani. Bibi anaitikia, kisha anageuza uso.

Alinituma nikuandikie hivi: "Mwambie mamake ni mie, wewe usijitie." Nimemkatalia. Yeye kwa akili yake alimweka mtoto mbali. Aliniamini mimi mwenye kazi ya ofisini.

Asimwe mwenyewe anaendelea. Dawa zake ni vidonge vinavyoyeyuka kwenye maji, hazimsumbui. Zinageuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Siku ya kwanza alipiga yowe, siku ya pili akaniita nikaangalie, sasa anajisifu kwa wenzake. Lakini juzi, nikimsuka nywele, akaniuliza, "Mama mdogo, mama anajua?" Nikasema namwandikia. "Akijua atanichukua?" Nikaendelea kusuka.

Ulinipa mtoto huyu baada ya mimba yangu ya pili kuharibika. Ulisema, "Mtoto ni wetu wote, nenda naye." Nimeishi kwa neno hilo, Jovina. Ukitaka kuja kumchukua, sitasema kitu. Muuguzi anasema matibabu yanaweza kuhamishiwa kliniki ya huko, mradi asikose dawa hata siku moja. Ila ukija, njoo wewe mwenyewe, usimtume mtu.

Shemeji umwambie wewe, hasira zake nitazipokea zote. Mama usimsomee mpaka umepanga maneno. Msalimie shangazi yetu anayeuza senene pale sokoni. Na kaka anayebeba magunia ya kahawa, kile kikohozi chake anachosema ni vumbi, mpeleke akapimwe makohozi wiki hii. Nakuomba, usimpe barakoa, mpeleke.

Kadi ya Asimwe ina mstari unaouliza nani atamsimamia kumeza dawa kila siku mpaka apone. Muuguzi alinipa kalamu ya wino. Nikaishika, nikamrudishia, nikaomba penseli. Kila asubuhi namsimamia mtoto mpaka anameza tone la mwisho, na jina langu liko pale hafifu. Kulipitishia wino au kulifuta ni wewe utakayeniambia.

Mdogo wako,
Adventina