Mguu wa Pacha Wangu na Anga Lililokonda

Jumatatu, 11 Machi

Nimeshindwa kula. Nilikaa na sahani mbele yangu mpaka chakula kikapoa. Mume wangu akaiondoa bila kuuliza kitu. Ananijua.

Adhuhuri nilikuwa redioni na pacha wangu, kama kila siku. Yuko kwenye kisiwa chake cha kupima hali ya hewa, yeye na mpishi na ndege wa baharini, mwezi wa tatu sasa. Akaanza kwa mzaha: eti amezeeka, wiki iliyopita amekanyaga msumari wa kutu, hakuniambia kwa sababu anaijua kelele yangu. Kelele nikampigia hapohapo. Akacheka. Halafu sauti ikabadilika. Mguu umevimba, akasema, wekundu unapanda kuelekea goti. "Na vidole, pacha, vile vi—"

Basi. Hakuna mikwaruzo, hakuna mluzi. Kimya.

Nikakimbilia chumba cha pili kwa Bikizee, mashine yetu ya kupima tabaka za anga. Alikuwa anatuma mawimbi yake juu kama kawaida na harudishiwi hata mwangwi mmoja. Skrini tupu. Nikajua: jua limelipuka. Lile tabaka la chini la anga, ambalo siku nyingine halina neno na mtu, limejaa umeme ghafla na linakunywa kila wimbi linalopita.

Mlipuko hupita. Baada ya muda mwangwi ukaanza kurudi kwa Bikizee, tabaka moja moja, mchoro safi kabisa. Pacha wangu hakurudi. Nimemwita hadi koo limekauka.

Simu yao ya setilaiti ni mbovu, iko kwa fundi huku huku kwetu. Nilimwambia asiende bila simu. Hasikii. Eti yeye ndiye mkubwa, alinitangulia kutoka tumboni!

Wifi, mke wake, bado sijamwambia. Sina mdomo wa kumwambia leo.

Jumanne, 12 Machi

Nimemwambia. Nilidhani atalia. Alivaa viatu tu, akachukua kapu lake la kushonea, akasema twende huko kwenye redio yenu.

Amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango siku nzima, anashona kifungo kilekile.

Adhuhuri jua limelipuka tena. Doa lilelile jeusi la jua, limetukodolea macho. Mlipuko ukitokea, sisi hupanda chaneli za juu, maana wimbi la juu halinyweki sana. Pacha wangu analijua hilo kama ninavyolijua mimi. Tulisoma darasa moja, na nusu ya majibu yake yalitoka kwenye daftari langu. Basi nikapanda. Patupu. Nikarudi chaneli yetu ya kawaida. Patupu.

Mkuu wetu wa kituo amepiga simu bandarini. Boti ni moja na bahari ni chafu. Wanasema hawatoki mpaka wajue wanamfuata mtu wa namna gani. Mwenye kidonda tu, avumilie wiki? Au wa kubebwa, na daktari awemo? Wana haki. Nimewatukana moyoni hata hivyo.

Jumatano, 13 Machi

Dhoruba imetua. Ile iliyotoka juani pamoja na mlipuko — mwanga hufika kwanza, yenyewe hujikokota nyuma siku moja, mbili. Leo Bikizee anachora vitu vya kutia huruma. Tabaka la juu, lile linaloturudishia sauti zetu duniani, limekonda. Mawimbi ya chaneli yetu yanalitoboa na kwenda zake, hayana habari na sisi.

Wifi akauliza, bila kuinua macho kwenye sindano, "Wifi, hivi huko juu kuna nini hasa?"

Nikamwambia jua huipasua hewa nyembamba ya kule juu, ikabaki na umeme, ikawa kama ukuta wa kudundishia mpira. Ndivyo sauti ya mumeo inavyofika hapa: inadunda juu, inaangukia kwetu.

"Na sasa ukuta umeanguka?"

"Haujaanguka. Umekuwa mwembamba. Ukirusha kwa nguvu, mpira unatoboa. Ukirusha polepole, unadunda."

"Si urushe polepole basi."

Rahisi kusema. Nikashuka chaneli za chini. Kisha nikawaza: yeye hana Bikizee kule, atajuaje kama ni dhoruba? Atadhani bado ni mlipuko, yuko juu. Nikapanda. Kisha nikawaza: si mjinga yule, akisikiliza kidogo atajua, atashuka. Nikashuka. Nikapanda. Mpaka jioni kidole kinaniuma kwa kubonyeza kitufe cha chaneli, na Mkuu nyuma yangu, jaribu ya tano, jaribu ya tisa, jaribu tena ya tano.

Sikuambulia kitu. Nyumbani nimemfokea mume wangu kwa sababu ya mlango. Mlango haukuwa na kosa, wala yeye.

Naogopa. Niliandike tu. Naogopa amelala kule na homa, na mpishi hajui hata kuwasha redio.

Alhamisi, 14 Machi

Amepatikana! Amepatikana, amepatikana.

Acha niandike kwa mpangilio.

Asubuhi niliamka na hasira, si na hofu. Nikamwangalia Bikizee: chaneli ya tatu inarudi, dhaifu lakini inarudi, na itarudi mchana kutwa. Nikaikalia. Mkuu akaja na kikombe chake cha chai: jaribu ya tano. Nikamwambia, kwa heshima lakini nikamwambia, "Mkuu, leo mimi sihami. Nimechoka kumkimbiza. Akitaka, aje yeye."

"Na kama hayuko hapo?"

"Atapita."

Alinitazama kana kwamba nimeharibikiwa akili. Wifi naye alinitazama, na macho yake yalikuwa makali kuliko ya Mkuu. Sikuhama. Nikawa naita, nasikiliza, naita, nasikiliza. Saa zikapita. Hapo katikati nilitamani sana kugusa kile kitufe. Nikaukalia mkono wangu.

Alasiri, katikati ya mikwaruzo, kitu kama mtu anaongea ndani ya pipa. "...pacha? Wewe ndiye? Mbona leo umetulia?"

Wifi aliangusha kapu. Vifungo vimetapakaa mpaka chini ya kabati, kesho nitaviokota.

Kumbe naye alikuwa ananikimbiza! Siku tatu. Nikipanda, anawaza nitashuka, anashuka. Nikishuka, anawaza nitapanda. Kanuni inasema wa kisiwani akae, wa kituoni ndiye atafute, na sisi sote tunaijua. Lakini yeye alijiona mjanja, ananijua mimi, kwa nini akae? Na mimi nikajiona mjanja, namjua yeye, hatakaa. Watu wawili tunaoijua vizuri hivyo ionosfea, hewa ile yenye umeme kule juu, tumepishana kama wendawazimu mlangoni. Tukacheka, yeye kule, mimi huku. Halafu nikalia mbele ya Mkuu, wala sijali.

Daktari tulimpata kwa simu, nikaibana simu kwenye maiki. Vidole vyenyewe ni viwili: kidole kidogo na jirani yake. Havihisi kitu tangu Jumapili. Daktari akamwambia mpishi — mpishi huyo niliyemdharau jana, kumbe ndiye aliyekuwa anawasha redio — atoe dawa fulani kwenye sanduku la huduma ya kwanza, na achore mstari kwa kalamu pale wekundu unapoishia, tuone kama unauvuka. Kisha daktari akaniambia mimi kando: maumivu hayamtishi. Kinachomtisha ni vidole visivyosema kitu. Daktari mwenyewe anapanda boti.

Boti imetoka kabla ya giza. Nimekula sahani mbili.

Ijumaa, 15 Machi

Nimelala kama gunia. Mume wangu anasema nimekoroma, nasema ni yeye.

Pacha wangu yuko chaneli ya tatu, mimi niko chaneli ya tatu. Raha iliyoje! Homa imeshuka kidogo. Wekundu haujavuka mstari wa kalamu. Mpishi ametuapia kwa mama yake. Vidole bado kimya.

Nikampa wifi maiki. Nilidhani atamwambia neno tamu. Akaanza: msumari wa kutu, wiki nzima, mtu mzima, hana haya, ana mke ana watoto, anajificha na kidonda kama paka! Alisahau kwamba akibonyeza yeye, mwenzake hawezi kujitetea. Hakusahau, nadhani. Alipoachia, pacha wangu akasema kwa unyonge, "Nimekusikia, mke wangu." Na sauti ya tatu, nahodha wa meli fulani huko baharini, ikaingia: "Sote tumekusikia, mama. Pole, bwana."

Mkuu alicheka mpaka akatoka nje.

Dhoruba inapoa. Bikizee leo kachora tabaka la juu likiwa limeanza kunona. Natazama ule mchoro, mstari unaopinda kuelekea juu, nakumbuka kwa nini niliipenda kazi hii. Bahari imetulia kidogo pia. Boti wanasema kesho alasiri.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika hapahapa mezani, redio imewashwa.

Boti imefika. Pacha wangu aliiona kabla sisi hatujaambiwa. "Naiona," alisema, mara mbili, na ya pili haikutoka vizuri.

Halafu akanifanyia jambo nisilolitarajia. Akasema, pacha, nitafunga kitufe cha maiki kwa mpira, niiache wazi, wewe na wifi yako msikilize. Nikamkumbusha kwamba kikifungwa hivyo siwezi kumwambia kitu chochote. Akasema anajua. Anataka tu tuwemo.

Kwa hiyo tumo. Upepo. Mlango. Mpishi anasema karibuni, karibuni, kama wageni wa chakula. Viatu vingi. Daktari anamsalimia kwa upole, anavuta kitu cha chuma sakafuni. Kisha:

"Hapa, unahisi?"

"Hapana."

"Hapa?"

Wifi ameushika mkono wangu wa kushoto, kucha zote ndani. Naandika na wa kulia.

"Sina hakika," anasema. "Labda."

"Na hapa?"

Amepiga yowe. Yowe kubwa, na nyuma yake tusi ambalo mama yetu angesikia asingemwachia jino. Wifi amejishika mdomo, machozi yanamtoka, anacheka. Mkuu amesimama mlangoni na kikombe chake, ananiuliza kwa macho ni vipi. Nimemwambia kinamuuma, Mkuu, kidole kinamuuma sana! Naye akashusha pumzi kana kwamba mguu ni wake.

Daktari amesema kile jirani na kidole kidogo kitapona. Kuhusu chenyewe kile kidogo sijasikia. Jua limeanza kuzama, sauti inapanda na kushuka. Nikitaka kuhama chaneli siwezi kumwambia, kitufe kimefungwa, na wifi ameniambia nisithubutu kugusa hata waya.

Wanamwinua sasa. Mpishi anawaelekeza: mlango huo mwembamba, pinda, pinda tena. Pacha wangu bado analalamika. Daktari anamuuliza jambo, na yeye anajibu — sauti imezama kwenye mikwaruzo, tunangoja ipande tena.