Ngisi Huwatoa Wageni Alfajiri

Nawoitorong, Lodwar

Mama yangu,

Shikamoo. Goti limepoa? Bado unakaanga ngisi pale barazani, au umemsikiliza daktari ukapumzika? Mimi ni mzima wa mwili, ila jua la huku halina adabu. Nimekuja Lodwar kutoka Kakuma kutafuta chaki na vitabu, nimelala hapa Nawoitorong, nyumba ya wageni. Ningekupigia simu, lakini haya siwezi kuyatamka nikisikia sauti yako.

Wiki jana nilifundisha viumbe wanaosaidiana. Wanafunzi wangu hawajaiona bahari, wengine Waturkana wa hapa, wengine wakimbizi wa Kongo, basi nikajitia ujuzi wa mtu wa pwani. Nikawachorea yule ngisi mdogo anayejifukia mchangani. Tumboni ana kifuko, na humo hukaa bakteria wanaong'aa. Yeye huwalisha, wao humpa mwanga, na usiku adui aliye chini haoni kivuli chake. "Ngisi ni mwenyeji, bakteria ni wageni," nikasema, nikijiona hodari. Kisha nikaongeza kwamba kila alfajiri mwenyeji huwatoa wageni karibu wote, akabakiza wachache.

Ekal, Mturkana mwenye mdomo mwepesi, akamgeukia Furaha, msichana wa Kongo aliyekaa nyuma yake. "Wewe Furaha, si umesikia? Asubuhi mnatolewa!"

Darasa likaangua kicheko. Na mimi nikacheka, Mama. Nilicheka mpaka nikaona Furaha anafunga daftari lake.

Kesho yake hakuja, wala siku iliyofuata. Nikaenda kwao kambini. Mama yake alikuwa mlangoni, kando yake sufuria, mablanketi na jerikeni, vyote vimefungwa kamba. Akaniletea kiti, na ndicho pekee walicho nacho.

"Mwalimu, Furaha alituambia. Ni kesho tunatoka?"

Watu hawa wamehamishwa mara nyingi, na neno la mwalimu kwao lilikuwa tangazo. Niliona aibu hata nikashindwa kukikalia kile kiti. Nikaeleza kwamba nilikuwa nasimulia habari za ngisi tu.

"Ngisi ni nini?"

"Mnyama wa baharini."

Akafikiri kidogo. "Huyo munyama, sisi tulimufanya nini?"

Nikamwambia wanaotolewa hawafi, huishi majini, na vitoto vya ngisi vikianguliwa huwachukua wao hao. Ni kweli kabisa, lakini nilijisikia kama muuzaji anayesifia samaki aliyelala tangu jana.

Furaha amerudi. Nimemwomba radhi mbele ya darasa, na Ekal naye ameomba. Siku hizi anakaa karibu na mlango.

Nisalimie Shangazi Mwanaisha aliyenifundisha kuokota kome, na kaka Athumani, fundi wetu wa nyavu. Mwambie nashukuru kwa kuniwekea chumba changu.

Na wewe Mama, najua unavyonisifu kwa wateja wako. Punguza kidogo. Jana nilipita pale kambini, na mama Furaha bado hajaufungua mzigo.

Mwanao anayekuonea haya,
Zuhura