Gari Litalala kwa Mama Mkwe

Kasumbalesa, upande wa Zambia

Mke wangu Mama Tumaini,

Pokea salamu za mumeo aliyekaa nyuma ya usukani usiokwenda popote. Mimi mzima, ni magoti tu yamechoka kukunjwa. Ninyi je? Kikohozi cha Tumaini kimeisha, au bado mnamkimbiza uani na kikombe cha tangawizi? Kahawa mmeanza kuchuma? Baba mgongo unamruhusu kuinama? Nijibu moja baada ya jingine, maana kwenye simu unasema "wote wazima", mtandao unakata, nami nabaki na hao wote wazima siku nzima nawageuzageuza kichwani.

Nimeamua kuandika kwa sababu jambo hili kwenye simu linageuka ugomvi. Barua anakuja nayo dereva mwenzangu anayeshuka leo, ataiacha kwa Osia mdogo wako pale Mpemba.

Foleni ya kuingia Kongo haijasogea tangu juzi. Nawasha injini, nazima. Nashuka, nagonga matairi kwa nyundo, yote yana upepo, napanda tena. Wenzangu wanacheza drafti kivulini, wananiita, siwezi kukaa. Mama mmoja wa Kizambia anayetuuzia chakula ameniuliza, "Ba dereva, wewe nani anakufukuza?" Nikanunua ndizi.

Kinachonifukuza ni hiki: bosi amekubali. Nikishusha mzigo nirudi tupu mpaka Tunduma, nipumzike wiki nzima kabla ya kupakia tena. Wiki nzima, mke wangu. Nilifurahi, lakini furaha yenyewe haikumaliza hata chai, likaja swali lile lile: gari nitaliweka wapi?

Unajua mwenyewe. Huko nyumbani Iyula haliji. Hata kiangazi hiki, lile daraja la mbao linalalamika likipita trekta, sembuse semi na trela lake. Kando ya barabara ndiyo hivyo tena: ukifumba jicho moja wananyonya dizeli, ukifumba yote mawili unaamka betri hazipo. Pale kituo cha mafuta mlinzi ni mpole mno, hata kwa wezi. Na bosi hana maneno mengi. "Likiguswa, usirudi kazini." Basi.

Mara ya mwisho nilikuja mchana mmoja tu, nikala jicho liko kwenye saa, nikarudi kulala kwenye kabini. Kila nilipoinuka, Tumaini alinisogezea viatu. Hakutumwa na mtu. Nilimcheka mbele yenu, lakini kwenye pikipiki nililia mpaka lami. Nawe ukaniambia pale mlangoni, "Baba Tumaini, hivi mimi niliolewa na wewe au na hilo gari?" Nikajibu kwa ukali, na tangu siku hiyo tunaongea kama watu wa ofisini. Hilo linaninyima raha kuliko foleni. Naona unanichoka. Nisipolala nyumbani safari hii, sijui kama safari nyingine utaniwekea hata chakula.

Sasa habari ya mama yako. Najua Osia keshakusimulia na mmecheka, lakini sikia na upande wangu. Nilipopanda safari hii kuja huku Zambia, Osia aliniambia, "Shem, unahangaika nini? Kiwanja cha mama hapa Mpemba kina uzio, kina geti, kina mbwa, na gari linaingia lote. We weka tu." Nikaweka. Nikasahau mimi ni nani pale. Nilikuwa nasubiri karatasi za mpakani, basi nikajikalia kwenye kabini, mlango wazi, miguu juu ya dashibodi, redio inaimba, na pua ya gari imetazama mlango wa mbele wa mama mkwe wangu. Mimi, niliyefundishwa na bibi kwamba ukimwona mama mkwe njiani unaingia porini mpaka apite.

Jua likapanda, likapinda. Osia akarudi kutoka sokoni, akaja dirishani akininong'oneza, "Shem, mama hajatoka tangu asubuhi. Maji hajachota, kuni ziko nje, hajala. Anasema atatokaje na mkwe kakaa mlangoni?"

Niliruka chini kama niliyekalia siafu. Nikakimbilia nyuma ya duka la saruji, nikageukia ukuta, wateja wananishangaa, mpaka Osia aliponiita kwamba mama amechota maji na amerudi ndani. Mtu mzima yule nimemfungia ndani ya nyumba yake mwenyewe, na yeye kwa heshima yake akakaa kimya na njaa. Niliondoka kwa aibu, nikaapa kiwanja kile sitakikanyaga tena.

Ndivyo nilivyokaa hapa foleni siku zote hizi. Nimewaza kwingine Mpemba, nimewaza Vwawa, nimewaza Mlowo, kote hakuna pa kuliacha. Nilishaanza kutunga maneno ya kukuambia kwamba siji.

Jana mchana Osia akapiga. Nikadhani ananitania.

"Shem, mama ametoboa uzio wa nyuma," akasema. "Kaweka kimlango, anatokea kwa jirani mpaka bombani. Anasema gari lije."

"Na mimi je?"

Akaenda kumuuliza. Nikamsikia mama kwa mbali, sauti yake ile ya taratibu, akimjibu mwanawe na si mimi: "Mwambie gari si mkwe wangu. Gari naweza kulitazama kutwa nzima. Yeye ndiye asikae humu. Aende kwa mke wake."

Nimeyarudia maneno hayo mpaka mama muuza chakula anadhani nasali. Nampenda mama yako, na sina ruhusa ya kumwambia. Wewe ndiye mdomo wangu kwake. Mtafutie kitenge kizuri, cha heshima, na umpelekee wewe kwa mkono wako.

Nisalimie baba na mama yangu, na shangazi anayekusaidia shambani. Mzee wa kanisa mwambie maombi yake yanafika, ingawa jina langu hulikosea kila Jumapili. Tumaini mwambie baba anakuja kulala.

Funguo nitampa Osia azipeleke ndani kwa mama yako. Tangu nianze kazi hii sijamwachia mtu funguo. Hulala nazo shingoni. Naogopa kidogo, mke wangu. Zikishatoka mikononi mwangu sitakuwa na kisingizio cha kuondoka mapema, na kama bado umenikasirikia, itabidi tukae huko nyumbani kwetu wiki nzima mpaka tuyamalize.

Ni mimi mumeo,
Baba Tumaini