Zitakutana Mtoni

Jumanne, 2 Julai 1957

Kamati ya Pamoja imekaa leo, hapa Tarime, bomani. Wilaya mbili — yetu ya Mara Kaskazini na ile ya ng'ambo ya mto — meza moja kwa mara ya kwanza! Mimi karani, mwandishi wa kumbukumbu, mkalimani wa wazee. Kazi tatu, mshahara mmoja. Chai ililetwa imepoa.

Mambo mawili yamepita. La kwanza barabara. Sisi tutalima kutoka Nyangoto mpaka Mto Mara, wenzetu watalima kutoka Machochwe mpaka Mto Mara, ili mtu wa ng'ambo afike sokoni na hospitali kwa gari, asitembee siku mbili. La pili msitu. Miti yote ya ukingo wetu wa mto imekuwa msitu wa akiba wa wilaya zote mbili. Hakuna shoka, hakuna ng'ombe, hakuna jembe. Bwana Miti, ofisa wa misitu, alifurahi kama mtu aliyepewa mke bure.

Sasa linaloniwasha. Mjumbe wa Machochwe ni Mkwe wangu, baba yake Simoni aliyemwoa binti yetu Kezia. Jina lake silitamki, na hata humu siliandiki. Kwetu mkwe hatajwi jina, wala hapingwi mbele za watu.

Mwezi wa tano kila upande ulihesabu wapita njia. Mimi nilikaa siku tatu kwenye kivuko cha Mawe na punje za mahindi mfukoni. Watu 146. Mkwe alihesabu kwenye kivuko cha Mkuyuni, kwenye njia itokayo bomani kwake, tena siku ya mnada. Watu 212! Karatasi zote mbili zililetwa kwangu nizinakili kwenye moja. Mkuyuni iko juu ya Mawe, maili nne ukifuata mto. Hakuna mtu mwingine mezani aliyeziona zote mbili.

Bwana Shauri, ofisa Mzungu wa wilaya yetu, akauliza barabara zitakutana wapi. Mkwe akasema mtoni. Wazee wetu wakaitikia, mtoni. Bwana Shauri akanitazama mimi. Hapo ndipo ningesema kwamba Mkwe ana kivuko chake na sisi tuna chetu, na kwamba hesabu yake ni ya siku ya mnada. Nikaitazama kalamu. Nimeandika: "Barabara zitakutana mtoni." Imepitishwa bila mtu kupinga.

Jumatano, 3 Julai

Mke wangu Boke kaniuliza mkutano ulikuwaje. Nikasema vizuri. Akasema, ingekuwepo barabara mwaka jana, mtoto wa Kezia angekuwa anatambaa sasa.

Mwaka jana walimbeba Kezia kwa machela siku mbili. Mtoto alitoka amekufa, naye Kezia alibaki nusu. Daktari alituambia wazi: huyu nyonga zake ni nyembamba, mimba nyingine azalie hapa hapa hospitali, asisubiri uchungu kijijini.

Nitamwandikia Mkwe barua ya faragha kuhusu vivuko. Barua si baraza.

Jumatano, 31 Julai

Barua sijaiandika. Kila nikianza naishia kwenye salamu.

Jumamosi, 28 Septemba

Nimetoka kuiona barabara. Kazi nzuri, lazima niseme! Mitaro pande zote, madaraja ya magogo. Watu wamelima mwezi mzima kwa zamu. Filemoni, nyapara wao, kanipitisha na lori la halmashauri mpaka Mawe penyewe. Mtumbwi umeshanunuliwa, umefungwa pale kwa kamba mpya.

Ng'ambo hakuna kitu. Nyasi tu, na nyamera wanatutazama.

Filemoni kaniuliza, "Karani, wenzetu wako wapi?"

Nikapanda juu ya jiwe. Mbali, kule juu, mstari mwekundu wa udongo unashuka mlimani mpaka Mkuyuni. Umenyooka kabisa! Hata Mkwe ni mchapakazi. Na kati yetu na pale, ukingo huu wa kwetu, maili nne za msitu, na nguzo nyeupe za Bwana Miti zimesimama kwenye mstari. Nikashuka. Nilimwambia Filemoni labda wamechelewa.

Jumatatu, 7 Oktoba

Ofisi kwa ofisi. Bwana Miti anasema hawezi kuruhusu hata upana wa baiskeli kupita msituni mpaka mabaraza yote mawili yakubali. Baraza letu linasema sisi tumeshalima, wao ndio wahame. La ng'ambo limejibu hivyo hivyo, nusura nidhani nimeandika mimi. Kamati ya Pamoja inakaa tena mwezi wa sita mwakani.

Bwana Shauri wetu amekwenda likizo Ulaya. Mpya kafungua faili, kasoma, kaniuliza nani aliandika "zitakutana mtoni". Nikasema mimi. Akauliza nilimaanisha mto upi, huku anacheka. Nikasema ni kosa la uandishi.

Kosa la uandishi! Mwoga mimi. Hata mlango ukiwa umefungwa na Mkwe yuko maili arobaini, siwezi kumpinga.

Jumapili, 17 Novemba

Joram kaja baada ya ibada. Joram ndiye aliyekuwa mshenga wetu, na mpaka leo neno likitoka kwetu kwenda kwa Mkwe hupita mdomoni mwake. Kezia ni mjamzito. Miezi minne.

Boke alilia, kisha akacheka, kisha akanishika mkono na kusema nikamchukue kesho. Nikamwambia mke wa mtu hachukuliwi. Baba mkwe wake ndiye wa kumtoa, na mimi siwezi kumdai. Boke akasema, "Basi endelea kuandika."

Joram atarudi huko na ombi letu.

Alhamisi, 23 Januari 1958

Jibu la Mkwe, kwa mdomo wa Joram: haraka ya nini? Binti anakula, anapalilia, ana nguvu. Na barabara ipo. Serikali hailimi barabara ya kwenda kumalizikia majini. Yetu itaunganishwa na yake kabla ya mvua, gari litakuja mpaka mlangoni kwake. Yeye mwenyewe alikuwepo Tarime, aliona ikiandikwa.

Aliona ikiandikwa!

Nimetuma ombi la tatu kwa Bwana Miti. Nimeomba njia ya futi nane tu. Nimeandika "kwa manufaa ya wagonjwa". Nilitaka kuandika "kwa manufaa ya Kezia".

Jumanne, 4 Februari

Bwana Miti kajibu. Ombi litawekwa mbele ya Kamati mwezi wa sita.

Jumanne, 18 Machi

Angalau jambo moja! Joram kamlainisha Mkwe. Baada ya Pasaka Simoni atamleta Kezia mpaka Mawe kwa miguu, polepole, mtumbwi utamvusha, lori la Filemoni litampokea. Pasaka ni tarehe sita Aprili. Daktari anahesabu atajifungua mwisho wa mwezi huo. Muda upo.

Boke ameshafua mashuka. Mvua imeanza mapema, lakini ni ya jioni jioni tu.

Jumapili, 30 Machi

Mvua mchana kutwa. Kuku wamelala jikoni. Boke hazungumzi nami ila kuhusu maji na kuni.

Alhamisi, 3 Aprili

Saa tisa mtu kafika kwa baiskeli kutoka Nyangoto, matope mpaka shingoni. Simoni alisimama ng'ambo ya Mawe asubuhi, akaita mpaka Mwikwabe wa mtumbwi akamsikia. Uchungu umemshika Kezia tangu jana usiku. Wanambeba. Mto umefurika, kuvuka kwa miguu hakuna.

Nimekwenda kwa Filemoni. Lori lipo, ufunguo uko kwa Bwana mpya, Bwana mpya yuko Musoma kwa sikukuu. Filemoni alinitazama, akaenda akaliwasha kwa njia anazozijua yeye. Sikumwuliza. Boke amekaa mbele na mashuka mapajani.

Majuto ni mjukuu, na mimi mjukuu mwenyewe sijampata.

Ijumaa Kuu, 4 Aprili

Mawe. Tumefika saa mbili asubuhi. Daraja moja tulilipanga upya kwa mikono. Naandika kwenye sakafu ya lori, mikono ipate kazi.

Mto sijawahi kuuona hivi. Mawe yenyewe hayaonekani. Mwikwabe kachomeka kijiti ukingoni, anasema maji yakishuka chini ya kijiti atajaribu. Nimeomba ajaribu sasa. Kaniambia kwa heshima, kama mwana kwa baba, "Tata, nikifa mimi mtumbwi umekwenda, atavuka na nini?" Hana kosa. Kijiti kilikuwa cha urefu wa mkono, sasa ni cha kiganja.

Simoni yuko ng'ambo, kaja mbele kutafuta njia. Ameita maneno machache machache. Jana waliifuata barabara yao, njia nzuri, ikawaleta Mkuyuni. Pale hakuna mtumbwi. Mtumbwi tunao sisi. Wamelala pale pale chini ya turubai, na tangu alfajiri wanashuka na ukingo, kwenye matope na matete, hakuna njia, maili nne. Maili nne zile zile. Kama ningefungua mdomo siku ile, lori hili na machela ile vingekuwa sehemu moja tangu jana.

Saa tano. Boke kashuka, amesimama kwenye maji mpaka magotini. Filemoni amemshika kanga kwa nyuma.

Saa sita kasoro. Wametokea! Wanaume sita wanatoka kwenye matete na machela. Aliyeshika mti wa mbele ni Mkwe. Mkwe mwenyewe! Mtu ambaye hata kivuli chake hakitakiwi kumgusa mke wa mwanawe, mti wa machela uko begani mwake na kichwa cha Kezia kiko karibu na mgongo wake. Ana matope mpaka kifuani. Hakuna aliyemshauri hayo, yatakuwa yake mwenyewe.

Wameweka machela chini. Shuka haitikisiki, au ni mimi sioni vizuri. Simoni kapiga magoti. Boke anaita, "Kezia! Kezia!" Mto unakula sauti yake.

Kijiti hakionekani tena.

Mkwe amesimama ukingoni, anatazama huku, anatafuta nani wa kusema naye. Nimeshuka kwenye lori, daftari mkononi, nimekwenda mpaka kwenye maji.

Nimeita, "Machage!"

Ameshtuka. Wote wameshtuka, hata Boke kageuka. Nimeita tena, "Machage! Anapumua?"

Ameweka kiganja sikioni. Hajasikia. Naita tena.