Rojo ya Matufaha Uliyoimwaga

Kaka Ignacy,

Nakusalimu kwa sababu mama alitulea hivyo, kwamba hata uliyegombana naye humnyimi salamu. U hali gani huko Warszawa? Vidole ulivyoviunguza kwenye sufuria vimepona? Siulizi kwa huruma. Nauliza ili usije ukasema sikuuliza. Sisi huku hatujambo, ila mvua haijakatika tangu sikukuu ya Watakatifu Wote, na makaburini mishumaa ilizimika kabla hatujamaliza kusali.

Barua yako imefika. Unataka nikuombe radhi kwa kumwingiza "yule mwanamke" nyumbani kwa mama bila kukuambia. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikairudia nikiwa nimekaa, na kote ilininukia vilevile. Basi kaa kitako na wewe, nikueleze.

Kwanza, Sabina sikumleta mimi. Mama alipopooza upande mmoja wakati wa theluji, daktari akakataza kila kitu cha kutafuna, wewe ulituma shada la maua. Maua yanaliwa? Nilimpikia viazi vya kuponda, akatema. Uji wa ngano, akatema. Nikawa nalia jikoni kama mtoto. Siku hiyo ndipo Sabina alipoingia kutoka ng'ambo ya kijito, hodi hakupiga, mkononi ana bakuli limefunikwa kitambaa. Mtalaka wako, Ignacy, ambaye hakuna aliyemdai kitu katika nyumba ile. Akaniambia, "Sogea, unaziba mlango." Akamlisha mama kijiko kwa kijiko mpaka bakuli likaisha.

Toka hapo akawa anakuja kila asubuhi nikiwa kazini kwenye tanuri la mikate. Aliyatoa matufaha ya reneta kule chini ya nyumba, kwenye majani makavu, yale yenye ganda la kukwaruza kama kisigino. Aliyamenya, akatoa kokwa, akayabandika na maji kidogo tu, moto mdogo, mwiko haupumziki. Sukari hakuitia mpaka yawe yamelainika yenyewe, kisha mdalasini wa kunusisha tu. Halafu akaipitisha rojo yote kwenye chujio, maana kipande kidogo tu kingempalia mama. Mama akaanza kunenepa mashavu. Ulipompigia simu wakati wa kiangazi ukasema sauti yake imepata nguvu, ukamshukuru Mungu. Ungemshukuru na Sabina.

Kisha ukaja Jumamosi ile bila taarifa. Ulimkuta amesimama jikoni anakoroga, ukaniuliza mimi, kana kwamba yeye ni kiti, "Huyu anatafuta nini kwenye jiko la mama yangu?" Naye bila kugeuka akakujibu, "Natafuta chujio. Hujalikalia?" Nilicheka, na kwa hilo siombi radhi. Ukamwita malaya. Ukasema mama mwenyewe ndiye aliyekufungua macho miaka ile, akakwambia alimwona dereva wa malori akitoka kwa Sabina alfajiri wewe ukiwa haupo, na kwamba mwanamke wa namna hiyo hashiki kijiko kinachoingia kinywani mwa mama yako. Ukainyakua sufuria kwa mikono mitupu, ukaimwaga yote uani. Kuku walikimbia, kisha wakarudi wakala. Hata kuku walikushinda akili.

Sabina alivua aproni, akaikunja, akaenda zake. Wewe ukaingia chumbani ukamwambia mama, "Nimekusafishia nyumba." Mama akageukia ukutani. Ulidhani ana usingizi. Ukaacha mezani chupa zako za rojo ya dukani, ukawasha gari.

Tangu dakika ile mama alifunga kinywa. Ya chupa zako, akabana meno. Nikampikia mimi, reneta zilezile, sufuria ileile, chujio lilelile; akabana meno. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikampigia magoti. Daktari akaanza kuzungumzia mpira wa puani. Ndipo nikavuka kijito.

Nilimkuta Sabina anakata kabichi. Nikamwambia, "Wifi, mama hali."

"Mimi si wifi yako tena," akanijibu, kisu hakikusimama. "Kaka yako alinitaliki mbele ya hakimu na mbele ya kijiji. Mna mdomo kweli nyinyi! Mnanitemea mate asubuhi, jioni mnaniita wifi."

Nikamwambia hana deni nasi, ila mama atakufa. Akaisukuma kabichi kando, akasema katika nyumba ile hatakanyaga. Anayetaka kula kwake aje kwake.

Basi nilimfunga mama blanketi mbili, nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu, matopeni, juu ya daraja, na mvua inatunyea. Mapazia yote ya kijiji yalikuwa yanacheza. Sabina alishamaliza kupika. Akavuta kigoda, akachota kijiko, akapuliza, akakipeleka mdomoni kwa mama. Mama akatikisa kichwa.

Sasa sikiliza, kaka. Unajua maneno ya mama siku hizi hutoka vipandevipande. Yalitoka hivyo hivyo, na mimi nimesimama palepale. Alisema dereva hakumwona. Alfajiri ile hakumwona mtu yeyote. Alisema ulipooa uliacha kula kwake, ukawa unakuja Jumapili tu, na hata hiyo Jumapili ulikuwa unatazama saa. Alisema, "Nilitaka mwanangu arudi. Nikakusingizia." Kisha akasema, "Kila kijiko chako kimenichoma, Sabina. Sikula kwa njaa. Nilikula kwa kukosa ujasiri wa kukwambia."

Na wewe, uliyelala kitanda kimoja na Sabina, hukumuuliza hata mara moja kama ni kweli. Uliambiwa, ukafungasha.

Sabina alisimama na bakuli lake. Uso ulimsawijika. Alikwenda jikoni akasukuma mlango nyuma yake, nami nikaanza kumfunga mama blanketi, nikijua tunafukuzwa, na kwa haki. Nikasikia kiberiti. Nikasikia mwiko kwenye sufuria. Alirudi na bakuli linafuka moshi, macho mekundu, akakaa kwenye kigoda chake.

"Ilikuwa imepoa," akasema. "Fungua mdomo. Sijakusamehe. Kula."

Mama akafungua mdomo, machozi yanamtiririkia mpaka kidevuni, na Sabina anamfuta kwa pembe ya kitambaa, kwa nguvu, kama mtu anayesugua meza.

Mama yuko huko mpaka leo. Nyumbani hataki kurudi, na Sabina hajamwambia aondoke. Wanagombana toka asubuhi. Mama anasema wewe uje. Sabina anasema ukikanyaga ua wake atakufungulia mbwa, na nyumba ni yake. Mimi sina la kuongeza, na radhi uliyoidai sina.

Mama amenituma nikuandikie kwamba wewe ni mwanawe mpenzi na kwamba uvae vizuri, baridi imeanza. Nimeandika kama alivyosema. Sabina hakutuma salamu.

Ni mimi dada yako, kwa kuwa udugu hauna talaka,

Zyta