Vidonge vya Tinka

Karratha, 4 Mei

Baba, shikamoo.
Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya huko? Mimi mzima, ila joto la huku mgodini halina adabu. Asante kwa kukaa na mbwa wangu Tinka. Mwili wake unaila damu yake wenyewe, na vidonge ndivyo vinavyouzuia. Mpe kila asubuhi, akiwa amekula. Atakunywa maji kama ngamia, atakojoa ovyo, atadai chakula kutwa. Mvumilie. Daktari wake wa mifugo, Petrakis, peke yake ndiye wa kupunguza vidonge, tena kidogo kidogo. Usiviache ghafla, Baba, nakuomba.
Mwanao, Ailsa

Hay, 19 Mei

Marahaba, mwanangu.
Magoti bado yananibeba. Mbwa wako ndiye anayenitia wasiwasi. Ndoo nzima ya maji kwa siku! Leo nimepiga deki jikoni mara nne. Jana kaiba paja zima la kondoo, nikamwambia, "We Tinka, wizi umeanza uzeeni?" Akanitazama tu, anahema. Tumbo limevimba kama debe, mapaja yamekwisha nyama. Yeye aliyekuwa akichunga kwa kukimbia juu ya migongo ya kondoo, leo nambeba kumpandisha garini.
Marehemu mama yako alipewa dawa za jamii hiyohiyo. Unakumbuka uso wake ulivyoumuka? Aliniomba nigeuze kioo kitazame ukuta. Hivi dawa hizi zinamfaa nani?
Baba yako

Karratha, 8 Juni

Baba, shikamoo. U mzima kweli? Leo siku ya sita hupokei simu. Bi Noreen jirani anasema gari lako halipo. Niambie hata kama ni baya. Umemwachisha?
Ailsa

Griffith, 11 Juni

Mwanangu,
Nimemwachisha. Nilivitupa jalalani tarehe ishirini na tisa. Siku mbili akanywa maji kidogo, sakafu kavu, nikajiona bingwa. Ya tatu akagoma kula, akatapika, akaanguka langoni. Ufizi ulikuwa mweupe kama karatasi. Nikamkimbiza huku kwa Petrakis. Mama yule hakunipigia kelele. Alisema tu, "Mzee, mwili wake ulishasahau kujitengenezea dawa hiyo. Ulimnyang'anya mkongojo katikati ya njia. Na ugonjwa wenyewe umerudi."
Kaongezewa damu mara mbili. Nalala chumba cha kupanga, mchana nashinda naye. Leo kasimama, akanilamba mkono, mpumbavu mimi. Vidonge vimerudi, vingi kuliko mwanzo. Kiu itarudi pia.
Simu nilikuwa naiona ikilia. Aibu, mwanangu. Nisamehe.
Baba yako

Karratha, 15 Juni

Baba, shikamoo.
Nimekuandikia barua mbili za hasira, nikazichana zote. Kuna jambo sijakwambia.
Mwezi ule wa mwisho, Mama aliniomba nimfichie vidonge vyake. Alisema, "Ailsa, nimechoka kuwa mtu mwingine." Nilikataa. Kila asubuhi ulipokwenda kwa kondoo nilisimama kando ya kitanda mpaka ameze, mara nyingine akilia. Wewe ulidhani anameza kwa hiari, nami nikakuacha udhani hivyo. Sijui kama nilimpa siku zaidi au nilimnyima zile alizozitaka.
Kwa hiyo sina mdomo wa kukuhukumu.
Nimeomba ruhusa, nitafika Ijumaa. Kidonge cha Tinka nitampa mimi. Wewe mshike kichwa tu, na ukishindwa kutazama, tazama pembeni.
Mwanao, Ailsa